Namna ya Kumpita Mama Mkwe

Ukipeleka kochi kwa fundi wetu asubuhi, mchana ukipita utalikuta limeshavuliwa nguo. Kitambaa cha zamani kiko chini, sponji imeanikwa juani, springi zimetokeza kama mbavu, na fundi mwenyewe, misumari midogo ikiwa imejipanga mdomoni, atakuonyesha kwa kidole namna litakavyopendeza. Utaondoka umefurahi. Ukirudi wiki ijayo kochi lako liko vilevile, ila pembeni yake kuna mengine matatu yaliyo uchi, yote yameanzwa kwa bidii ileile. Si mvivu. Mtu akimwita mvivu nitamtetea mimi mwenyewe. Basi tu, mwanzo wa kazi unampendeza kuliko kazi.

Mke wake, ambaye ni muuzaji katika duka la dawa barabara kuu, anasema hilo alilijua tangu uchumba. "Huyu," huwaambia wateja aliowazoea, "ukimpa dawa ya siku saba, ataimaliza na chai ya asubuhi."

Na ile methali unayoifikiria sasa hivi, tafadhali usimwambie. Ameshaisikia kuliko jina lake.

Kwenye mbio aliingia hivi. Kikundi chetu cha kukimbia hupita mbele ya karakana yake alfajiri. Kiongozi wetu ni mwalimu wa udereva, tunamwita Breki, kwa sababu gari lake la kufundishia lina breki mbili, na ile ya upande wake ndiyo inayofanya kazi zaidi. Asubuhi moja Breki akamwona fundi amejiegemeza kwenye kochi la mteja, anakunywa chai. Akamtupia neno.

"Fundi, kalia hayohayo! Barabara tuachie wenye miguu."

Kwa mtu mwingine neno hilo lingepita na upepo. Fundi aliweka kikombe chini, akatoka na kandambili zake, akatupita wote mmoja baada ya mwingine, tena kwa adabu. "Habari za asubuhi. Habari za asubuhi. Hamjambo nyote." Alipokata kona ya kituo cha mafuta tukabaki tunaulizana mtu huyu alikuwa amefichwa wapi miaka yote. Tulimkuta mbele kidogo ya kona. Alikuwa amekumbatia nguzo ya umeme kwa mikono miwili, kandambili moja mguuni, nyingine Mungu anajua, macho yameelekea chini kama mtu aliyeangusha sarafu.

"Kesho," akasema alipopata pumzi, "mnapita saa ngapi?"

Akawa wetu. Alinunua raba, akanunua kofia, akanunua saa ya mkononi yenye kupiga kelele kila ukizidisha mwendo. Saa hiyo ilipiga kelele siku mbili, ya tatu akaizima, akasema ina wasiwasi. Kilichokuwa kinamsumbua si miguu wala mapafu. Kilichokuwa kinamsumbua ni migongo. Mgongo wa mtu ukiwa mbele yake ulimkera kama msumari uliotokeza kwenye kiti, lazima aushughulikie. Akiumaliza huo, kuna mwingine mbele. Kwa hiyo kila Jumapili, siku yetu ya masafa marefu, alituaga mwanzoni kwa kutupungia mkono, na kila Jumapili tulimwokota njiani.

Breki alijaribu kila lugha. "Fundi, mbio ndefu unaendesha kama una trei za mayai kwenye buti. Gia ya pili. Ukiwa unaweza kuongea, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kuongea, umezidisha."

Fundi akaahidi. Jumapili iliyofuata alianza kuongea tulipoanza kukimbia: habari za bei ya sponji, habari za mteja aliyetaka kochi la rangi ya maji, habari za jirani yake mchomeleaji. Tatizo ni kwamba anaongea kama anavyokimbia. Kadiri hadithi ilivyonoga ndivyo miguu ilivyoongeza, na sisi tuliotaka kujua mwisho wa hadithi tukajikuta tunamfuata. Siku hiyo tuliokotwa wote.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya marathoni ya mji. Marathoni ni kilomita arobaini na mbili na kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachouma. Fundi alijiandikisha siku ileile, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba atamaliza chini ya saa nne. Aliwaambia wateja, ambao wangependa zaidi kusikia makochi yao yatamalizika lini. Alimwambia mchomeleaji. Alimwambia mke wake, aliyekuwa anachambua mchele, na ambaye alimtazama kwa muda mrefu wa kutosha kuondoa mawe mawili.

"Gawa, mume wangu," akasema. "Nguvu ni kama dozi. Gawa."

"Nitagawa."

"Na hiyo uliyoshonewa ni kaptula, au kitambaa cha kufutia miwani?"

Kaptula yenyewe naijua kwa sababu sote tulishonewa moja. Rangi ya njano, nyepesi, imepasuliwa pembeni mpaka mahali ambapo mtu mzima anaanza kujiuliza maswali. Breki alituhakikishia kwamba ndivyo wakimbiaji wanavyovaa dunia nzima. Tulizoea. Mtu huzoea chochote akiwa katikati ya wenzake waliovaa hivyohivyo.

Hapa sasa lazima nimtaje mama mkwe.

Mama mkwe wake ni msimamizi wa bweni la wasichana aliyestaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa kutembea kwenye korido ndefu, akizima taa na kunyamazisha vicheko, na ile sauti aliyokuwa akiitumia hakuirudisha shuleni alipostaafu. Ni mama mwema. Lakini fundi, ambaye haogopi mtu yeyote, hata mteja mwenye kochi la mwaka jana, humwogopa yeye. Yote yalianza siku ya kujitambulisha kwao. Alipewa soda, na kabla hajaambiwa karibu, chupa ilikuwa tupu. Mama akaitazama chupa, akamtazama kijana, akasema taratibu, "Mgeni ana kiu." Watoto wake wanaume walitoka nje kwenda kucheka. Tangu siku hiyo fundi akisikia mama mkwe anakuja, anavaa suruali ndefu na shati la mikono, anapunguza redio, na anakaa kwenye kiti cha mbao, mgongo umenyooka, kama anasubiri matokeo ya mtihani.

Siku ya mashindano tulikusanyika alfajiri mbele ya ofisi ya posta, watu wengi mpaka barabara haionekani. Mke wa fundi alikuwa zamu ya asubuhi, akasema angekuja mwisho wa mbio na maji. Breki alitupanga. Fundi alimweka nyuma yake kabisa.

"Unauona huu mgongo wangu?"

"Nauona."

"Mpaka nusu ya safari, hapa ndipo nyumbani kwako. Ukinipita, sikujui."

"Sikupiti. Nimekua sasa," akasema fundi, na nadhani alimaanisha kwa moyo wake wote.

Basi tukawa tunasubiri honi, tunarukaruka kupasha miili moto, mara nyuma yetu nikasikia sauti tulivu inasema, "Samahanini wanangu, naombeni nipite." Watu wakagawanyika bila kujua kwa nini wametii. Fundi hakugeuka. Alikauka. Niliona shingo yake inaingia mabegani kama ya kobe. Kisha akachuchumaa ghafla, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri tu.

Alikuwa mama mkwe. Suti ya michezo ya bluu, kitambaa kichwani kimefungwa sawasawa, raba nyeupe, namba kifuani imebanwa kwa pini nne. Akapita, akasimama safu chache mbele, akaanza kunyoosha mikono kwa utaratibu, kushoto, kulia.

"Breki," fundi akanong'ona kutoka chini. "Yule ni mama mkwe wangu."

"Hongera."

"Breki, mimi nimevaa hii kaptula."

Kabla Breki hajapata la kumjibu, honi ikalia.

Alinieleza baadaye jinsi alivyopiga hesabu pale chini. Akikaa nyuma ya mama mkwe, atakuwa mkwe gani huyo, anayemtazama mama mgongoni kilomita arobaini? Akikaa ubavuni, wataonekana kama wamekubaliana waje pamoja, naye akiwa katika hali ile. Akiwa mbele kidogo, mama ataiona kaptula kutoka upande wake mbaya zaidi. Njia ya heshima ilikuwa moja tu, kuwa mbele mbali sana, huko ambako macho ya mama hayafiki. Hesabu ilikuwa safi. Miguu tu haikuulizwa.

Akachomoka. Alizunguka kundi kwa upande wa pili wa barabara, ameinama kama mwizi wa kuku, akapita safu ya mama mkwe, akanyooka, akapotea. Breki alipaza sauti, "Gia ya pili! Ya piliii!" mpaka mkimbiaji mmoja asiyetujua akasimama kutazama kama kuna gari linakuja.

Na kusema kweli alikimbia vizuri. Sehemu ya kwanza ya njia ilikuwa mitaa yenye watu. Walitoka kwenye roshani, walisimama kwenye ngazi za benki, watoto walinyoosha viganja vigongwe. Fundi akisifiwa hana breki kabisa. Kila aliposikia "Kaza, njano, kaza!" aliongeza. Alimpita mwanamume mwenye miguu kama korongo, akapita kundi la wanajeshi, akapita vijana wawili wa chuo wenye vichupa vya maji kiunoni. Aliwasalimia wote. Alipofika nusu ya safari alitazama saa yake iliyozimwa kelele, akaona akiendelea hivi si saa nne tena, ni tatu na nusu. Akaanza kufikiria atakavyosimulia.

Baada ya hapo njia iliingia eneo la maghala. Kuta ndefu, mageti ya chuma, hakuna mtu wa kumsifu ila mlinzi mmoja aliyekuwa akipiga miayo. Jua nalo likawa limeshapanda. Fundi anasema uchovu haukuja pole pole kama wageni wa heshima wanavyobisha hodi. Uliingia ndani na mizigo. Mapaja yakawa ya mbao, nyayo zikawaka moto, na mgongo wa yule mtu wa miguu ya korongo, ambao alikuwa ameusahau kabisa, ukatokea tena mbele yake, ukaondoka zake. Wakapita wanajeshi. Wakapita vijana wa chuo, mmoja akasema, "Pole, mzee." Mzee! Tukapita na sisi, Breki mbele yetu, trei zake za mayai zikiwa salama. Hakumtania. Alimgonga begani tu, akaendelea, na fundi anasema lile bega lilimuuma kuliko miguu.

Kwenye kilomita ya ishirini na nane alikaa. Kulikuwa na duka la rangi lililofungwa, mbele yake ukingo wa barabara wenye kivuli, na maboksi matupu ya maji ya chupa yaliyoachwa na waandaaji. Akakaa, akatazama viatu vyake. Gari la kuwabeba walioshindwa likaja mwendo wa kutambaa. Dereva akatoa kichwa.

"Tunakwenda?"

Fundi alinyanyua mkono wa kusema ndiyo. Alipogeuza shingo kuangalia nyuma, akaona suti ya bluu inakuja.

"Bado," akamwambia dereva. "Nenda tu, ndugu yangu. Nenda!"

Kupanda gari la walioshindwa mbele ya mama mkwe kulikuwa hakuwezekani. Kukimbia kulikuwa hakuwezekani zaidi. Alichukua boksi moja tupu, akalilaza juu ya mapaja, akakunja mikono juu yake na kutazama upande wa pili, akiomba apitwe kama wanavyopitwa watu wa kando ya barabara.

Viatu vyeupe vikasimama mbele yake.

"Unauza nini, baba?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeuliza unauza nini."

"Hapana mama, ninapumzika tu kidogo."

"Nilikuona tangu kule posta," akasema mama mkwe. "Ulivyokimbia nikajua na wewe umeniona. Simama."

Hakusimama kwa nguvu zake. Alisimamishwa na ile sauti, ambayo imewatoa kitandani wasichana wa miaka mingi. Akasimama na boksi lake, ameliegemeza mbele. Wakaanza kutembea, mama huku, mkwe kule, boksi katikati.

"Hilo boksi unalipeleka wapi?"

"Mama, ni hii kaptula. Kikundi ndicho kilichoamua..."

"Nimezaa wavulana watatu na baba yao alikuwa mcheza mpira. Magoti nimeyaona. Weka boksi chini."

Akaliweka.

Mama mkwe alikuwa na namna yake ya kwenda. Alikimbia kutoka nguzo hii ya taa mpaka ile, polepole, viwiko vimebanwa, kama anawahi korido nyingine kabla taa hazijawashwa. Akifika kwenye nguzo, anatembea mpaka inayofuata. Halafu anakimbia tena. Hivyo tu, tangu posta. Nguzo ya kwanza fundi alidhani atakufa. Ya tatu akaona kumbe hafi. Ya kumi, miguu ikaanza kuwa ya nyama tena, akapewa karanga za kuchemsha kutoka mfuko wa suti ya bluu, chumvi ikamzindua, na ule ugonjwa wake wa kale ukaamka.

Maana watu walikuwa wanawapita. Alipita mwanamume mmoja mwenye tumbo la kuheshimika, anapuliza kama treni. Alipita mama kijana anayesukuma kitoroli cha mtoto, na mtoto mwenyewe amelala. Fundi aliitazama ile migongo ikienda, akaumia. Lakini unampitaje mama mkwe? Unasemaje? Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

"Mama," akajaribu, "nikutangulie nikakuchukulie maji pale mbele?"

"Maji ninayo."

Nguzo mbili zikapita.

"Mama, nitangulie nikuangalizie njia? Pengine kuna mashimo."

"Ni lami mpya."

Nguzo nyingine.

"Mama, nimekumbuka, kuna mwenzangu mbele kule nilitaka kumwambia neno."

"Mtaonana jioni."

Akapata mahali pake, nusu hatua nyuma upande wa mtaro, macho kwenye lami, kama anavyoketi kwenye kile kiti cha mbao. Na mtu akiwa hana ruhusa ya kwenda mbele, anasema, kuna raha ya ajabu inayomwingia. Alianza kuona vitu. Aliona mti uliotoka kwenye ufa wa ukuta. Alisikia viatu vyao vinagonga lami kwa sauti moja.

Ndipo mama akamwambia kilichomleta. Daktari alikuwa amemwambia presha imepanda, atembee kuzunguka nyumba jioni. Akazunguka nyumba. Nyumba ikawa ndogo, akazunguka mtaa. Mtaa nao ukawa mdogo.

"Mke wako hajui," akasema. "Akijua atanifungia ndani. Yeye anataka nipumzike. Kila siku, mama pumzika, mama keti. Mnanipenda, najua. Hata kile kiti mlichonitengenezea nilipostaafu."

Fundi akafurahi. Kiti kile ndiyo kazi pekee aliyowahi kuimaliza kabla ya siku aliyoahidi: mikono minene, sponji ya daraja la kwanza, kinaegemea nyuma mpaka miguu inanyanyuka.

"Unakipenda, mama?"

"Ni kizuri mno, mwanangu. Kinaniua."

"Kinakuua?"

"Nikikaa saa nne asubuhi, nikizinduka ni saa kumi. Majirani walidhani nimesafiri. Kile si kiti, baba, ni usingizi wenye miguu minne."

Fundi anasema hakujua achukie au ashukuru. Hakuna mteja aliyewahi kumsifu hivyo. Akacheka, kwanza kwa pua, kwa heshima, halafu akashindwa, na mama mkwe naye akacheka, ikabidi watembee nguzo mbili mfululizo. Siku zote za ndoa yake hakuwahi kumwona mama akicheka mpaka meno ya nyuma.

Mambo yangeishia hapo vizuri, wangefika wakiwa wameshikana mwendo kama watu wa picha. Lakini zilipobaki kilomita tano, akawapita mama mmoja mfupi mwenye kofia nyekundu. Akageuka, akapunga mkono kwa furaha. "Ooo, mwalimu wa taa! Na wewe umo?" Akaendelea zake.

Mama mkwe akasimama. Macho yakambadilika.

"Yule," akasema, "alikuwa mpishi wa bweni."

"Mnafahamiana?"

"Miaka ishirini alikuwa ananiambia mimi kazi yangu ni kubonyeza swichi."

Na bila neno jingine, mama mkwe akachomoka. Si kukimbia kwa nguzo tena. Alikimbia kukimbia, viwiko nje, kitambaa kinapepea. Fundi alibaki mdomo wazi, kisha akamfuata, na kutoka kinywani mwake, anasema, yakatoka maneno ambayo hakuamini ni yake.

"Mama! Gia ya pili! Mama, mayai!"

"Mayai gani?"

"Gawa nguvu, mama! Gawa!"

Mama hakugawa. Alimfikia yule mpishi karibu na mzunguko wa barabara, akampita, akatoa salamu fupi kama risiti, na hatua chache mbele msuli wa mguu ukamkaza akashika bango la matangazo. Mpishi akapita tena, akasema pole, na alimaanisha kweli, jambo ambalo lilizidisha maumivu.

Hapo fundi akawa kwenye mtihani mwingine. Msuli wa mwenzio ukikaza, unauchua. Kila Jumapili tunachuana. Lakini utauchuaje mguu wa mama mkwe, tena hadharani? Akapiga magoti mbali kidogo, akageuza uso pembeni, akaelekeza kwa mbali kama mtu anayemsaidia dereva kurudi nyuma. "Vidole vivute juu, mama. Juu zaidi. Hapo hapo. Kisigino chini. Taratibu." Msuli ukalegea. Mama akafuta jasho kwa ncha ya kitambaa.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Kuhusu mguu?"

"Kuhusu mpishi."

Kilomita za mwisho mwendo aliupanga fundi. Nguzo moja kukimbia, nguzo mbili kutembea, na mama akitaka kuongeza, fundi anakohoa kidogo, mama anapunguza. Mimi nilishuhudia mwisho wenyewe, maana sisi wengine tulikuwa tumeshamaliza, tumelala nyasini, nishani shingoni, tunakula ndizi. Mke wa fundi alikuwa amesimama kwenye kamba na chupa yake ya maji, uso umemkauka. Saa nne zilipita. Saa tano zikapita. Kila gari la walioshindwa lilipofika alikwenda kuchungulia. Breki alijitahidi kumtuliza, akasema kwa kawaida fundi huwa anapatikana.

Kisha wakatokea. Kwanza tuliona njano, halafu bluu. Mke wa fundi akaanza kupiga vigelegele, akafika katikati, akakata.

"Huyo aliye naye ni nani?"

Akainama juu ya kamba.

"Yule si mama yangu?"

Mbele ya mstari wa mwisho fundi alijizuia, akanyoosha mkono kumkaribisha mama atangulie, kama watu wanavyofanya mlangoni. Mama naye akasimama, akamkaribisha yeye. Wakakaribishana pale, saa kubwa juu yao ikihesabu, mpaka msimamizi wa mbio akawaambia jamani ingieni. Mama akaingia kwanza. Saa tano na dakika arobaini na kitu. Mpishi wa kofia nyekundu alikuwa pale, akamkumbatia mama mkwe kwa nguvu, na mama mkwe akakubali kukumbatiwa, ingawa kwa uso wa mtu anayepimwa joto.

"Mama!" mke wa fundi alikuwa ameshavuka kamba.

"Usinianze," mama akasema, lakini sauti ya korido safari hii haikutoka vizuri.

"Na wewe!" Akamgeukia mumewe. Akaitazama kaptula, akamtazama mama yake, akaitazama kaptula tena. Akakosa pa kuanzia, akampa maji.

Breki alitaka kusema jambo kuhusu saa nne zilizoahidiwa mtaani. Nilimwona anafungua mdomo. Fundi akamwahi: "Breki, nimeongea njia nzima. Waulize walionipita." Akakaa chini na kushindwa kuinuka.

Wakatafuta teksi. Tuliwasaidia kuingia, maana mlango wa gari ulikuwa mrefu kwao kama ngazi. Mke wa fundi alikaa mbele na dereva, mama na mkwe wake nyuma, kila mmoja upande wake, khanga ya mke imetandazwa juu ya magoti ya fundi mpaka vifundoni. Gari halijatoka hata getini, mke akaanza. Presha, mama. Umri, mama. Na wewe mtu mzima, umemwona mama yangu barabarani, badala ya kumrudisha nyumbani unamkimbiza! Dereva wa teksi, ambaye hakujua lolote, akatikisa kichwa na kusema ni kweli dada, ni kweli kabisa.

Nyuma waliketi wameinamisha vichwa kama wanafunzi wawili waliokamatwa nje ya uzio. Walipofika kwenye taa nyekundu, mama mkwe aliingiza mkono mfukoni taratibu, akatoa pakiti ya biskuti aliyopewa kwenye mstari wa mwisho, akaifungua bila kuifanya ilie, akapitisha nusu yake chini chini mpaka upande wa pili wa kiti. Wakala kimya kimya, kila mtu anatazama nje ya dirisha lake.